Niliyoyasema Shambani

Agosti 14

Nimetoka kliniki Ruangwa. Nimetobolewa kidole, sukari ikapimwa, nikaambiwa bado iko juu. Hayo nimeshayazoea, huu ni mwaka wa pili. Jipya la leo ni kwamba Daktari Eustace aliweka kalamu chini akaniuliza, "Na moyoni, Mwalimu, hali ikoje?" Nilimjibu niko salama. Akasema wagonjwa wengi wa sukari humletea mwili peke yake, yaliyo moyoni wanabaki nayo nyumbani, na kama sina wa kumwambia basi niwe ninaandika. Nilicheka kidogo, kwa adabu. Lakini kabla ya kupanda gari la kurudi Mandawa nilipita dukani nikanunua daftari hili.

Basi naandika. Jina langu Adinani, ni mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi. Nina shamba la mikorosho nililoachiwa na baba. Nina mke, Moza, mtu wa Chiola, na binti mmoja, Hajra, ambaye ameolewa Lindi. Nina miaka hamsini na moja. Ninaogopa.

Agosti 15

Sina la kuandika.

Agosti 19

Dada Mwanne alikuja asubuhi. Kila akija huanza na miguu yangu. Nikiwa nimekaa kibarazani huinama, hunishika kifundo, hugeuza unyayo kama anayekagua muhogo sokoni. Leo alifanya hivyo mbele ya wazazi wawili waliokuja kuniulizia habari za watoto wao. Halafu akaanza kueleza, kwa Kimwera, jinsi kaka yetu Jamali alivyoanza na kidonda kidogo tu, wakakata vidole, wakakata chini ya goti, wakakata juu ya goti, na kabla ya Ramadhani tukamzika.

Namjua Jamali. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Sihitaji kusimuliwa.

Dada ananipenda. Lakini akiondoka huwa najiona nimeshakufa, bado kuoshwa tu.

Agosti 25

Tumepulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, mzunguko wa mwisho. Aliyebeba mashine ni Twaha, jirani yetu, kijana kwangu kwa miaka kama kumi hivi. Mke wake alifariki na hajaoa tena. Ni mtu wa maneno machache na kazi safi. Moza aliwapelekea uji wapuliziaji. Mimi nilikaa pembeni, pumzi inanitoka kwa kutembea tu.

Septemba 3

Jana tulialikwa maulidi. Sinia la pilau lilipofika mbele yetu, mwenye nyumba alinyoosha mkono akaniondolea sahani, akasema kwa sauti kwamba ya Mwalimu inakuja, mwalimu ana sukari. Ikaja sahani ya mchicha na kipande cha samaki mkavu. Watu wote kwenye mkeka waligeuka kuniangalia. Mmoja akasema pole. Mwingine akauliza kama ni ile inayokata miguu.

Sikula. Nilisema nimeshiba.

Nyumbani Moza akaniuliza kwa nini sikula, kwa kuwa vidonge havitakiwi kunywewa na tumbo tupu. Nikamwambia aache kunilea, mimi si mtoto. Akaniwekea kiazi kilichochemshwa, akatoka. Nilikila baadaye, kwa kuiba, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Septemba 12

Darasa la saba wamemaliza mtihani wao. Mimi nilikuwa na darasa la sita. Nilitoka kwenda chooni mara tatu katika kipindi kimoja, na niliporudi mara ya tatu nilikuta mtu amechora ubaoni ndoo yenye miguu. Wanafunzi hawakujua watazame wapi. Nilifuta nikaendelea na hesabu za sehemu. Zamani ningecheka nao kisha ningemtafuta mchoraji. Leo niliikandamiza chaki ubaoni mpaka ikakatika.

Septemba 20

Hili nilikuwa sitaki kuliandika. Daktari mwenyewe sijamwambia.

Tangu mwaka huu uanze mwili wangu umekataa kwa mke wangu. Mwanzo nilisema ni uchovu. Halafu nikasema ni mawazo. Sasa sisemi kitu, nageukia ukutani. Moza hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye afya yake, anayelima kuanzia alfajiri akirudi bado anatwanga. Anyamaze kwa nini? Mtu hunyamaza akiwa amesharidhika, au akiwa ameshapata pengine.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho. Niliifuta, kisha nikaiandika upya. Ndiyo ninayoiwaza.

Septemba 21

Joto kali.

Oktoba 2

Korosho zimeanza kudondoka. Shamba zima linanuka mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Tumewaita waokotaji: Dionisia na mumewe Obadia, ambao wazazi wao walitoka ng'ambo ya Ruvuma, pamoja na wanawake watatu wa kitongojini. Twaha naye yupo, anasaidia kubeba magunia.

Oktoba 5

Joto. Mawingu hujikusanya upande wa Nachingwea mchana, jioni yanatawanyika.

Nimemwona Moza akizungumza na Twaha kando ya kisima. Waliponiona wakanyamaza.

Oktoba 6

Niliuliza, kwa utani, Twaha alikuwa anasema nini. Moza alijibu, "Habari za shamba tu." Hakuniangalia usoni.

Oktoba 9

Tena. Safari hii Moza ndiye aliyemfuata, akiwa amemshikia maji ya kunywa. Walizungumza kwa muda mrefu, Twaha akitikisa kichwa kama anayekataa kitu. Hii ndiyo iliyonitesa. Anakataa nini? Anaombwa nini?

Oktoba 10

Fundi wa baiskeli aliniambia vidonge vya sukari ndivyo vinavyowamaliza wanaume. Anasema shemeji yake aliacha, akapona. Nilimsikiliza kuliko nilivyopaswa.

Oktoba 13

Nimeacha vidonge. Asubuhi naviweka mdomoni mbele ya Moza, nikitoka navitemea kwenye nyasi.

Oktoba 19

Niandike kama ilivyokuwa.

Leo Jumamosi sote tulikuwa shambani tangu asubuhi. Jua liliwaka kama vile halina mwenyewe. Kiu yangu haikukatika hata nilipomaliza dumu, macho yakawa yanaona ukungu. Waokotaji walikuwa wamekaa kivulini wananyofoa korosho kwenye mabibo. Nikatazama kati yao, Moza hayupo. Nikatazama magunia, Twaha hayupo.

Niliwakuta nyuma ya mkorosho mkubwa wa mpakani. Walikuwa wamesimama, umbali wa mtu kupita kati yao. Moza alikuwa analia. Twaha alikuwa ameinamisha kichwa.

Kama ningekuwa yule Adinani wa zamani ningeuliza kuna nini. Sikuuliza. Nilimshika Moza mkono nikamvuta mpaka pale walipokaa watu, na hapo, mbele ya Dionisia na Obadia na wanawake wale watatu, nilisema yote. Nilisema mke wangu ameona mimi nimeoza, ametafuta mzima. Nilisema amengoja niugue apate nafasi. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa, wala sikuwahi kulisikia likitamkwa katika nyumba ya baba yangu.

Hakuna aliyeinua macho. Obadia aliendelea kunyofoa korosho ileile iliyokwisha kunyofolewa.

Nikamgeukia Twaha. "Na wewe sema. Ulikuwa unafanya nini na mke wangu?"

Twaha alifungua mdomo. Akamtazama Moza, akawatazama watu, akafunga. Ule ukimya niliuchukua kuwa ushahidi.

Moza alijitoa mkononi mwangu. Hakulia tena. Aliketi, akavuta beseni lake, akanyofoa korosho mpaka beseni likajaa, akalimimina guniani, akajifuta mikono kwa majani. Ndipo akaondoka, peke yake, kwa njia ya nyumbani.

Oktoba 20

Ameondoka asubuhi kwa bodaboda kwenda kwao Chiola. Alichukua mkoba mmoja. Mlangoni alisema, "Maharage yako jikoni, hayana chumvi nyingi." Basi.

Oktoba 21

Shule. Watu wote wanajua.

Oktoba 23

Ugali wa jana.

Oktoba 24

Hajra alipiga simu kutoka Lindi. Aliuliza, "Baba, umemfanya nini mama?" Nikakata.

Oktoba 27

Dada Mwanne alikuja na kuanza kumtukana Moza. Nilidhani nitafarijika. Kila neno alilosema lilikuwa langu, nililolisema mimi kwanza, na nilipolisikia mdomoni mwa mtu mwingine lilinuka. Nikamwambia nyamaza, dada. Akashangaa, akaondoka amenuna. Hakukagua miguu.

Oktoba 30

Waokotaji hawakuja. Obadia alituma salamu kwamba mke wake anaumwa. Nimeokota mwenyewe, nimevaa buti. Sina njaa. Kiu tu. Mbele ya macho kuna vitu kama nzi.

Novemba 1

Nilipovua buti la kushoto leo jioni, soksi ilikuwa imeganda na damu. Nikakung'uta buti, ikadondoka korosho ghafi, moja, imepondeka, mafuta yake yameshatoka. Nilikuwa nimetembea juu yake siku nzima. Labda siku mbili. Sikuhisi kitu.

Mafuta ya ganda yale huunguza hata mkono wa mtu mzima. Chini ya kidole gumba pamekuwa na jeraha kubwa kama kizibo cha chupa, pembeni peusi.

Nilikaa nalitazama. Nilimwona Jamali.

Novemba 2

Nimeosha kwa maji ya chumvi, nimefunga kitambaa.

Novemba 3

Kesho shule sitakwenda. Nimetuma ujumbe kwamba nina malaria.

Lazima niandike jambo hili maana sina mtu. Nilivitazama vidonge vyote vilivyobaki na nikawaza nivimeze kwa pamoja. Sikuwa na huzuni nilipowaza hivyo. Nilikuwa mtulivu, kama mtu anayewaza kwenda gulioni. Kilichonizuia ni kitu kidogo: maji ya kumezea yalikuwa yamekwisha, na kwenda kisimani kwa mguu ule sikuweza. Nilikaa nikisubiri nguvu ya kwenda kuchota, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka nilianza kulia, na nililia hadi adhana ya alasiri.

Novemba 4

Harufu.

Novemba 10

Naandikia kitandani, hospitalini. Nirudi nyuma nieleze.

Tarehe tano asubuhi mlango ulisukumwa bila hodi. Alikuwa Twaha. Nilimwambia atoke. Hakutoka. Alivuta kigoda akaketi, akautazama mguu wangu, akageuka pembeni kwa harufu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nina sukari."

Sikuelewa. Nilidhani ananidhihaki.

Akaeleza polepole. Aligunduliwa muda mfupi baada ya kufiwa na mkewe. Hakumwambia mtu. Huchukua dawa zake hospitalini Nachingwea, mbali na watu wa hapa, akiaga kwamba anakwenda kununua vipuri vya mashine. Wapuliziaji wanachaguliwa kwa nguvu zao, nani angempa kazi? Na nani angempa binti yake? Mwezi Septemba Moza alipokwenda kwao alipita hospitali hiyo kumwona shangazi yake, akamkuta dirishani anapokea vidonge vinavyofanana na vyangu. Twaha alimwomba asimwambie mtu, hata mimi. Moza akaapa. Lakini tangu siku ile hakumpa nafasi ya kupumua. Kila akimwona alimwomba jambo moja: "Nenda kaongee na mume wangu. Anazama. Mimi hanisikii, wewe atakusikia, wewe unajua." Twaha alikataa, siku hadi siku. Siku ile nyuma ya mkorosho alikuwa anakataa tena, na Moza analia.

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale, nilipomwambia aseme.

"Niliogopa," alisema. "Watu wote wale walikuwapo."

"Na yeye je? Kwa nini hakusema?"

"Alikuwa ameniapia."

Nilitaka kumpiga. Kweli nilitaka, kama ningeweza kusimama. Kisha nikakumbuka vidonge nilivyokuwa navitemea kwenye nyasi, na malaria niliyoiandikia shule. Tulikuwa wanaume wawili tumejificha, na aliyelipa alikuwa mwanamke mmoja.

Twaha alinibeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki, akanifunga kwake kwa kanga ya Moza nisidondoke. Daktari Eustace alipofungua kitambaa hakusema neno la lawama. Aliuliza tu tangu lini sijanywa dawa, nikamwambia ukweli. Ndiye wa kwanza kumwambia.

Wamekata vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Wanasema wanaangalia kama itatosha.

Novemba 13

Homa.

Novemba 16

Daktari Eustace alikaa kando ya kitanda. Nilimweleza la mwili wangu kukataa, nikiwa natazama dari. Alisema ni sukari yenyewe inayofanya hivyo ikiachwa juu, inaharibu mishipa, na woga unaongezea. Vidonge havina kosa. Alisema kuna msaada, ingawa hawezi kuniahidi kwamba kila kitu kitarudi. Alisema kila wiki kuna mwanaume anayelazwa hapa baada ya kuacha dawa kwa ajili ya jambo hili hili, na karibu wote wanalisema wakiwa wameshakatwa.

Nilimweleza na siku ile ya vidonge na maji yaliyokwisha. Akasema atakuwa anakuja kuniona kila siku, hata kama hana la kunifanyia. Mpaka sasa amekuja.

Novemba 20

Moza amekuja.

Alikuwa amevaa baibui lake la safari, uso umekonda. Hajra ndiye aliyempa habari, naye Hajra aliambiwa na Twaha. Aliketi akaufunua mguu, akaangalia vilipokuwa vidole, akafunika. Nilisema Twaha amenieleza yote, nilisema nisamehe.

Alijibu bila kupandisha sauti. "Sikukimbia ugonjwa wako, Baba Hajra. Nimeuosha ugonjwa wako miaka miwili. Nilikimbia mdomo wako."

Nilisema najua.

"Hujui. Ulinisema mbele ya watu, halafu unaniomba radhi hapa kitandani ambapo hakuna anayesikia. Dionisia alisikia hapa? Obadia alisikia hapa?"

Nikamwambia waokotaji wameshatawanyika, msimu umekwisha.

"Nyumba zao hazijahama," alisema.

Aliacha uji wa ulezi usio na sukari, akaenda kulala kwa jamaa zake wa hapa mjini.

Novemba 28

Kidonda hakijaongezeka. Hawatakata zaidi, kwa sasa. Neno "kwa sasa" limesemwa mara mbili.

Desemba 5

Nimerudi nyumbani kwa mkongojo. Mvua imenyesha jana, ya kwanza. Moza alikuja na gari la jioni, akaweka mkoba wake katika chumba cha Hajra. Amesema mahindi hayawezi kungoja na mimi siwezi kushika jembe.

Desemba 7

Ardhi imelowa. Moza anapanda na Mwanne, kimya, kila mmoja na mstari wake. Mimi nimekaa kibarazani, mguu juu ya kigoda.

Desemba 9

Nilikwenda. Njia ni tope, mkongojo unazama. Mwanamke wa kwanza kati ya wale waokotaji watatu alinikaribisha, nikamwambia pale pale uani kwamba niliyoyasema shambani yalikuwa uongo, mke wangu hakufanya lolote. Akauliza, kwa hamu ambayo hakuificha, sasa walikuwa wanazungumza nini kule nyuma?

Hilo nililiogopa njia nzima. Siri ya Twaha si yangu. Basi nilitoa ya kwangu. Nilisema alikuwa anaomba msaada kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa naumwa sukari, nimeacha dawa, na nimeshindwa kuwa mume. Nilisema hivyo hivyo, kwa Kiswahili cha wazi. Mwanamke yule aliangalia chini. Akasema pole, Mwalimu, akanishika mkono kunivusha mfereji.

Desemba 10

Nyumba mbili. Mguu unauma, na nashukuru kwamba unauma.

Desemba 12

Leo kwa Dionisia na Obadia. Nilisema maneno yale yale. Obadia aliitikia kwa kichwa, akaenda kumfungua mbuzi. Dionisia alikuwa anapepeta choroko, hakuacha.

"Mimi sikuamini hata siku ile, Mwalimu," alisema. "Mama Hajra namjua."

Nikamshukuru.

"Usinishukuru. Sikuamini, lakini nilikwenda kuyasimulia. Kanisani, na kisimani. Yalikuwa matamu kusimulia." Akaweka ungo chini. "Hao wa kanisani na kisimani nitawaendea mwenyewe. Sijui kama watanisikiliza kama walivyonisikiliza mwanzo."

Nilirudi taratibu. Moza alikuwa ameshatoka shambani, ananiwekea maji ya kuosha kidonda. Nilimwambia nimemaliza nyumba zote. Aliosha mguu, akakausha katikati ya vidole viwili vilivyobaki, akafunga kitambaa kipya. Kisha akasema, akiwa bado amechuchumaa, macho kwenye kitambaa, "Nitakaa mpaka palizi iishe. Baada ya hapo sijui. Sisemi kwa hasira. Sijui kweli."

Nikasema nimesikia.

Amekwenda kulala chumba cha Hajra. Nimekunywa vidonge vyangu, vyote, kwa maji. Mahindi yameanza kuchomoza. Palizi yetu huisha mwezi wa pili.